Ramani ya sumaku na ramani ya graviti zinapokataana: dalili, sababu na namna ya kuzitatua

Umetandika ramani mbili mezani, moja ya sumaku na nyingine ya graviti, yaani mvuto wa ardhi. Eneo ni lile lile, leseni ni ile ile, lakini moja inaonyesha kilima chekundu mahali ambapo nyingine inaonyesha bonde la bluu. Au moja imejaa habari na nyingine iko kimya. Mwenye leseni anataka kujua Jumatatu mashine ya kuchoronga ipelekwe wapi.

Naandika kwa wenzangu wanaopima Kanda ya Ziwa, kuanzia Geita na Kahama hadi Shinyanga na Ngara. Huko miamba ya kijani (lava za kale zilizobadilika) imebanwa katikati ya granaiti, na juu yake kuna laterati, ule udongo mwekundu wenye chuma, au udongo mweusi wa mbuga. Mifano yote nitaichukua huko, kwa sababu latitudo na udongo wa huko vina tabia ambazo miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya Kanada au Uingereza haizigusi.

Kabla ya dalili yenyewe, kumbuka vyombo hivi vinasikiliza nini. Magnetomita husikia madini machache mno: magnetaiti kwanza, kisha maghemaiti na pirotaiti. Mwamba wenye asilimia mbili tatu za magnetaiti hupiga kelele kuliko mlima mzima usio nayo. Gravimita haichagui, chochote chenye uzito kinahesabiwa, na palipopungua uzito panahesabiwa pia. Tena kwa mwamba uliojikusanya mahali pamoja, umbali ukiongezeka maradufu graviti yake hubaki robo, sumaku yake hubaki moja ya nane. Kwa hiyo ramani hizi mbili hazikuulizwa swali moja, na si lazima zitoe jibu moja.

Ila kuna kutofautiana kunakotoka kwenye mwamba na kuna kutofautiana kunakotoka kwenye makosa yetu. Mimi hukagua kwa mpangilio huu: mahali, saa, kimo, na mwisho jiolojia. Nimeona timu nyingi zikianza na jiolojia, kwa sababu ndiyo tamu kuzungumza.

Anomali (vilima na mabonde ya ramani) zote zimehama kwa pamoja

Dalili: kila kilima cha sumaku kina mwenzake wa graviti, lakini amekaa pembeni, na ni upande uleule kwa umbali uleule katika ramani nzima.

Sababu ya kwanza kuishuku ni datamu, yaani mfumo wa rejea ambao namba za mahali zinahesabiwa kutoka kwake. Ramani za zamani za Tanzania, pamoja na zile za robo digrii ambazo wengi wetu tunaziita QDS, zilichorwa kwa Arc 1960. GPS yako inasoma WGS84. Ukichukua namba za Arc 1960 ukazichora kana kwamba ni WGS84, kila kitu kitaonekana karibu mita 300 kaskazini ya mahali pake, na makumi ya mita magharibi. Mita 300 zinatosha kabisa kukutoa nje ya mwamba unaoutafuta. Hili huwapata hasa wanaochanganya data za sumaku za ndege zilizorushwa nchi nzima mwishoni mwa miaka ya 1970 na vituo vya graviti walivyovipima wenyewe juzi.

Namna ya kuthibitisha: tafuta kitu ambacho hakibishaniwi, kama njiapanda ya barabara ya zamani, ukingo wa ziwa au nguzo ya upimaji, ukilinganishe katika seti zote mbili. Kikihama sawa na anomali, umepata jibu. Rudisha data kwenye datamu moja kutoka chanzo chake. Usiisukume ramani kwa jicho mpaka ifanane, kwa sababu dalili inayofuata inafanana sana na hii na haiponi kwa kusukuma.

Graviti imepanda, sumaku imeshuka papo hapo

Hapa ndipo watu huandika kwenye ripoti "mwamba mzito usio na sumaku" wakati mwamba una sumaku tele.

Ikweta ya sumaku haipiti juu ya ikweta ya jiografia. Kwa upande wetu wa Afrika inapita kaskazini, huko Ethiopia. Sisi tuko kusini yake, na Kanda ya Ziwa uga wa sumaku una mwinamo (pembe yake na usawa wa ardhi) wa takriban nyuzi 25, ukielekea kaskazini na juu, na ukali wake ni karibu nanotesla 33,000; nanotesla ndiyo kipimo cha sumaku. Katika mwinamo mdogo namna hiyo, mwamba uliopata usumaku kutoka kwenye uga wa leo hautoi kilima juu yake. Hutoa bonde kubwa lililosogea kidogo kusini, na kilima upande wa kaskazini.

Tuweke namba. Chukua mwamba wa umbo la tufe ambao kitovu chake kiko mita 200 chini ya kifaa. Bonde la sumaku litakaa kama mita 60 kusini ya kitovu, kilima kama mita 140 kaskazini. Graviti haina tabia hiyo. Kilima chake kinakaa juu ya kitovu kabisa. Kwa hiyo picha ya graviti iliyosimama kati ya bonde na kilima cha sumaku, karibu zaidi na bonde, inaonyesha ramani mbili zinazokubaliana vizuri.

Utalitofautishaje na kosa la datamu? Datamu huhamisha vitu vyote sawa. Mwinamo huhamisha kulingana na kina: vya juujuu vinahama kidogo, vya chini vinahama sana. Ukiona miamba ya kina kifupi imekaa mahali pake na ile ya kina kirefu imeachana, usiguse datamu.

Na kama bonde liko kaskazini na kilima kiko kusini, au jozi imelala mashariki na magharibi, shuku usumaku wa kale. Mwamba huo ulipopoa ulishika mwelekeo wa uga wa wakati ule na haujauacha. Daiki nyingi, yaani kuta nyembamba za mwamba uliopenya kwenye ufa, ziko hivyo. Hapo programu inayodhani mwelekeo wa leo itakupa mteremko wa mwamba ulio kinyume na ukweli, na graviti, ambayo haijali usumaku wa kale, ndiyo itakayokuokoa: iulize yeye mwamba unalalia wapi.

Michirizi ya kaskazini–kusini kwenye ramani ya sumaku

Graviti haina michirizi, sumaku imejaa. Rudi kwenye ramani ya sumaku ghafi, kabla ya kuisahihisha kwenda kwenye ncha, yaani kuihesabu kana kwamba imepimwa kwenye ncha ya sumaku ili vilima vikae juu ya miamba yake.

Kama michirizi haikuwapo kwenye ghafi, imetengenezwa na hesabu. Kuhamishia data kwenye ncha ya sumaku kunafanya kazi vizuri Ulaya, lakini karibu na ikweta hesabu hiyo inagawanya kwa namba ndogo sana katika mwelekeo mmoja, na kelele ndogo inavimba kuwa mistari mirefu. Tumia kichujio kilichozuiwa kisivimbe kupita kiasi, au tumia ishara changanuzi, ramani inayohesabiwa kutokana na kasi ya mabadiliko ya sumaku na ambayo haitegemei sana mwelekeo, ndiyo uilinganishe na graviti. Tahadhari hiyo hiyo inahusu graviti-bandia, ile njia ya Baranov ya mwaka 1957 inayotumia uhusiano wa Poisson (kanuni inayounganisha uga wa sumaku na wa graviti wa mwamba mmoja) kugeuza sumaku iwe kana kwamba ni graviti. Ni chombo kizuri mno cha kulinganisha, lakini kwa latitudo yetu kinarithi ugonjwa uleule.

Kama michirizi ilikuwapo tangu mwanzo na nafasi kati yake ni sawa na nafasi ya mistari ya upimaji, tatizo liko kwenye kusawazisha mistari au kwenye mabadiliko ya sumaku ya siku. Soma sehemu inayofuata.

Na kuna jambo la kinyume, ambalo ni la hatari zaidi kwa sababu halionekani. Mwamba mwembamba unaoelekea kaskazini–kusini husumakishwa kwa urefu wake, na sauti yake inafifia. Kwa mwinamo wa nyuzi 25, daiki ya kaskazini–kusini hutoa chini ya moja ya tano ya kile ambacho daiki ileile ingetoa kama ingelala mashariki–magharibi. Graviti haipunguzi kitu. Ukiona ukingo mrefu wa graviti kaskazini–kusini na sumaku inanong'ona tu, usiseme hakuna magnetaiti.

Mistari ya asubuhi na ya mchana haipatani

Hili limenipata mwenyewe. Tulikuwa na magnetomita mbili, moja imesimama kituo cha rejea na nyingine inatembea. Iliyosimama ilikuwa na saa ya UTC, inayotembea ilikuwa na saa ya Afrika Mashariki, na daftari la graviti liliandikwa na kijana wetu kwa saa za Kiswahili. Saa tatu asubuhi kwake, 9:00 kwenye chombo kimoja, 6:00 kwenye kingine, na zote zilikuwa sahihi. Tulitoa mabadiliko ya siku kwa kutumia saa zisizolingana, ramani ikatoka na ngazi kila mahali tulipoanza mstari mpya, na wiki nzima tukachora mipasuko ambayo haikuwepo.

Sumaku ya dunia hupanda na kushuka kila siku kwa makumi ya nanotesla, kilele chake kikiwa karibu na adhuhuri. Kosa la saa tatu halilifuti badiliko hilo. Linaliongeza mahali pasipostahili. Kwa graviti, mwezi na jua huvuta hata ardhi kavu, na mvuto huo unaweza kubadilika kwa karibu miligali 0.05 kwa saa moja (miligali ndiyo kipimo cha graviti). Ukiweka tofauti ya saa kimakosa kwenye gravimita, marekebisho ya mvuto huo yatakuharibia data badala ya kuitengeneza.

Tiba: kila asubuhi vyombo vyote vikutanishwe, saa zilinganishwe kwa macho, na daftari liandikwe kwa saa 24 pamoja na neno UTC (saa ya dunia) au EAT (saa ya Afrika Mashariki). Kwa graviti rudi kituo cha rejea angalau mara mbili tatu kwa siku. Mzunguko usipofunga, yaani usomaji wa kurudi usipolingana na wa kwanza, hata baada ya kutoa mvuto wa mwezi na jua, tafuta mtikisiko: gravimita iliyorushwarushwa kwenye barabara ya mbuga inahitaji kutulia kabla ya kusomwa, na betri iliyochoka huharibu joto la ndani ya chombo.

Na yule anayetembea na magnetomita aulizwe bila haya ana nini mfukoni. Simu, panga, mkanda wenye bakuli la chuma, buti za mgodini zenye chuma mbele. Paa la bati na uzio wa seng'enge viandikwe daftarini siku hiyo hiyo, kwa sababu baada ya mwezi vitakuwa vimegeuka "mwamba wa ultramafiki".

Graviti inafuata milima

Ukiweka ramani ya mwinuko chini ya ramani ya Bouguer (graviti iliyokwisha kutolewa athari ya kimo na ya mwamba ulio chini ya kituo) na zikafanana, au zikawa kinyume kabisa, mwamba bado hujauona.

Sababu inaweza kuwa kimo. Graviti hupungua miligali 0.3086 kwa kila mita unayopanda. Ukirudisha uzito wa mwamba ulio chini yako kwa densiti ya 2.67 (gramu kwa sentimita ya ujazo), inabaki karibu 0.197 kwa mita. Kwa hiyo GPS ya mkononi ikikosea kimo kwa mita 5, umekosa miligali moja. Unahitaji GPS ya kitofauti, ile inayosahihishwa na kituo cha rejea, yenye usahihi wa sentimita chache. Kosa la mahali kwa upande halitishi hivyo: kwenye latitudo ya nyuzi 3 graviti inabadilika chini ya miligali 0.1 kwa kilomita nzima ya kwenda kusini. Kimo ndicho kinachoua.

Angalia pia kama vimo vya elipsoidi (umbo la kihesabu la dunia linalotumiwa na GPS) vimechanganywa na vimo vya usawa wa bahari. Kanda ya Ziwa tofauti yao inazidi mita 10. Ukitumia aina moja tu, kosa linakuwa karibu sawa kila mahali na halionekani. Ukichanganya kazi ya mwaka jana na ya mwaka huu, unapata ukuta wa miligali mbili au zaidi, ulionyooka kama rula, kwenye mpaka wa kazi hizo. Mpasuko wa kweli haufuati mpaka wa bajeti.

Kama vimo ni sahihi, densiti ndiyo si sahihi. Chukua mstari unaopita juu ya kilima ambacho hakina sababu ya kijiolojia, hesabu Bouguer kwa densiti 2.2, 2.4, 2.6, 2.8, uone ipi haifuati wala haipingi umbo la kilima. Njia hii ina jina la Nettleton, ya mwaka 1939, na bado inafaa.

Madoa ya mviringo kama macho ya ng'ombe

Kila doa la graviti lina kituo kimoja katikati. Hayo ni matokeo ya gridi ndogo kuliko nafasi ya vituo. Sumaku umesoma kila mita, graviti kila mita 200; usizilazimishe zote kwenye gridi ya mita 25 kisha ukazilinganisha. Inua sumaku juu kwa hesabu, kana kwamba imepimwa juu zaidi hewani, mpaka ilingane na ulaini wa graviti, ndipo uzilaze pamoja.

Sumaku imepanda sana, graviti haina habari

Sasa tumemaliza makosa yetu, tumefika kwenye mwamba.

Kanda ya Ziwa, mshukiwa wa kwanza ni mwamba wa chuma wa mistari, ule unaoitwa BIF. Unaweza kutoa maelfu ya nanotesla. Lakini tabaka la mita 5 lililosimama wima kutoka mita 50 hadi 500 chini, hata likizidi jirani kwa densiti ya 0.6, graviti yake haifiki miligali 0.1. Vituo vya kila mita 200 vitaliruka tu. Hapo graviti haijakataa. Haikuwa na masikio ya kusikia.

Mshukiwa wa pili ni laterati yenyewe. Vipande vya maghemaiti vilivyokusanyika kwenye mito ya kale vinachora mistari mizuri inayopindapinda kama mto. Mistari hiyo ni mikali, ya juujuu, na hufifia haraka ukiinua data kwa hesabu mita 50. Ya mwamba wa chini haifi upesi hivyo.

Kama graviti haikunyamaza bali imeshuka, furahi kidogo. Kimbalaiti, mwamba unaobeba almasi, iliyooza juu huwa na magnetaiti lakini ni nyepesi kuliko granaiti inayoizunguka, na umbo lake ni duara. Mkoa wa Shinyanga una Mwadui, iliyogunduliwa na John Williamson mwaka 1940, mojawapo ya kimbalaiti kubwa kuliko zote zinazochimbwa duniani kwa eneo la uso wake. Serpentinaiti nayo hufanya hivyo: peridotaiti ikiingiliwa na maji hupoteza densiti na kuzaa magnetaiti kwa wakati mmoja. Kwa anayetafuta nikeli Ngara, hiyo ni habari kubwa.

Graviti imepanda, sumaku imelala

Hapa ningeomba usikimbie.

Anza na kinachovunja moyo: huenda ni mwamba mgumu uliosogea karibu na uso. Granaiti na basalti za Kanda ya Ziwa zimeoza kwa makumi ya mita, na kilichooza ni chepesi. Kina cha kilichooza kikipungua kwa mita 20, tofauti ya densiti ikiwa 0.7, graviti inapanda karibu miligali 0.6. Linganisha na tufe la salfaidi (madini ya metali na salfa) lenye nusu-kipenyo cha mita 30, kitovu mita 100 chini, likizidi densiti kwa 1.0: linatoa miligali 0.075 tu. Udongo unayazidi madini mara nane. Bila kujua kina cha kilichooza, kwa mistari michache ya umeme wa ardhi au hata kwa kumbukumbu za visima vya maji vya vijijini, huna haki ya kuita kilima hicho salfaidi. Kinyume chake pia kipo: bonde dogo la graviti linaweza kuwa maduara, yaani mashimo, ya zamani ya wachimbaji wadogo.

Ukishaondoa hilo, yanabaki mambo ya maana. Hemataiti ni nzito lakini dhaifu kwa sumaku. Gabro nyingine hazina magnetaiti. Salfaidi isiyo na pirotaiti iko kimya.

Na kuna dhahabu. Katika ukanda wa Geita, majimaji ya moto yenye salfa yalipopita kwenye BIF yaligeuza magnetaiti kuwa pairaiti na pirotaiti, na dhahabu ikashuka pamoja nayo. Fikiria kinachotokea kwenye ramani zako. Magnetaiti ina densiti ya karibu 5.2, pairaiti karibu 5.0. Uzito haukuondoka, usumaku ndio umeondoka. Kwa hiyo ukanda wa BIF unaoendelea kwenye graviti lakini umekatika kwenye sumaku, kwa mita mia au mia mbili, hasa pale unapokutana na mpasuko, ni mahali ninapotaka kuona sampuli. Aliyepima sumaku peke yake angesema BIF imeisha pale. Aliyepima graviti peke yake asingeona kitu kimebadilika. Nimetumia miaka kuwaambia vijana kwamba gharama ya graviti inarudi hapa, kwenye pengo hili, na kwamba anayelainisha ramani mpaka zifanane ndiye anayelifuta.

Lakini pengo likiwa na pirotaiti nyingi, sumaku haitakatika. Itabadilisha mwelekeo tu, kwa sababu pirotaiti hushika usumaku wa kale vizuri. Rudi kwenye ile jozi ya bonde na kilima uone imegeuka kuelekea wapi.

Modeli imetoshea pande zote, shimo limetoka tupu

Kompyuta itakupa mwamba unaotosheleza sumaku na graviti kwa pamoja. Itakupa pia mwingine, na mwingine. Ukiiamuru iamini kwamba penye uzito ndipo penye sumaku, itatii, na itajenga mwamba hata pale ambapo mbili hizo hazihusiani. Kagua kwanza kama umeondoa mwelekeo wa kikanda, yaani mabadiliko mapana yanayotoka chini sana, kwa kipimo kimoja kwenye data zote mbili. Graviti iliyobaki na mizizi ya granaiti ya kilomita tano haiwezi kuoanishwa na sumaku ya mita mia mbili.

Halafu uliza: densiti ulizoingiza zilitoka wapi? Zikiwa zimetoka kwenye jedwali la kitabu, anza upya. Sampuli za uchorongaji ziko kwenye masanduku, na kazi yenyewe inataka ndoo ya maji, mizani na waya. Pima kipande kikiwa hewani, kipime kikiwa kimening'inia majini, gawanya uzito wa hewani kwa tofauti ya hizo mbili. Kipande cha kilo 2.90 hewani na kilo 1.90 majini kina densiti 2.90. Kilichooza kifunge kwanza kwa plastiki nyembamba kisinywe maji wala kuvunjika. Papo hapo, kabla hujakirudisha sandukuni, pitisha kipima-usumaku cha mkononi juu yake na uandike namba zote mbili kwenye mstari mmoja wa daftari, pamoja na kina na jina la mwamba. Vipande mia mbili vinakamilika kwa siku mbili tatu.